Banda la mabati linawapika mafundi wako? Soma hii kabla hujakopa kununua AC

Hii ya leo ni ndefu kidogo, ila kama kazi zako unazifanyia kwenye gereji ya nyuma ya nyumba, banda la uani au fremu ya mabati isiyo na dari, vumilia uimalize maana inahusu hela yako.

Kuanzia Desemba mpaka Machi Dar inachemka, na kila mwaka kipindi hiki naulizwa swali lile lile na mafundi simu, mafundi cherehani, maseremala, wote: "Kaka, AC ya farasi ngapi itanifaa?" Mimi nauza vifaa vya umeme, feni zikiwemo, kwa hiyo ningeweza kujibu tu "chukua farasi moja na nusu" mambo yakaisha. Lakini huwa nauliza kwanza: chini ya bati lako kuna nini? Wengi wanajibu hakuna kitu, ni kenchi na bati tupu. Basi hapo tatizo lako sio AC. Tatizo lako ni paa.

Bati likipigwa na jua la saa saba linakuwa la moto kiasi kwamba huwezi kuliwekea kiganja. Ule moto hauishii kwenye bati. Unashuka moja kwa moja kichwani kwako kama unavyosikia joto la jiko la mkaa hata ukiwa umekaa pembeni yake. Ndio maana unaweza kuwa na feni mbili zinazunguka na bado utosi unauma. Feni inasukuma hewa, haizuii yale mawimbi ya joto yanayotoka juu.

Sasa nikupe mfano wa jirani yangu mmoja wa Tabata, dada fundi cherehani. Ana cherehani tatu kwenye gereji ya mama yake, ambayo haina gari siku nyingi. Kazi yake kubwa ni sare za shule. Na wewe unajua sare zinatakiwa lini: Desemba mwishoni na Januari mwanzoni kabla shule hazijafunguliwa, yaani wakati joto limeshika kasi. Alinunua kipima joto kidogo cha kutundika ukutani akakiweka usawa wa kichwa cha fundi aliyekaa. Saa mbili asubuhi kinasoma 29. Saa nane mchana 38. Kuanzia saa saba mpaka saa kumi mafundi wake walikuwa wanatoka kukaa chini ya mwembe, na usingewalaumu. Masaa matatu, mara cherehani tatu, ni masaa tisa ya kazi yanapotea kila siku, tena kwenye msimu wa kutengeneza hela ya mwaka mzima. Wazazi wanapiga simu, sare hazijaisha, wengine wanadai advansi yao warudishiwe.

Akawa ameshaongea na kikundi chao wamkopeshe anunue AC. Nikamwambia dada tukae kwanza tupige hesabu.

AC ya BTU 12,000, hiyo watu wanayoita farasi moja na nusu, inakula kama wati 1,100 ikiwa inavuta. Kwenye chumba chenye dari na mlango unaofungwa, inafikia ubaridi ulioutaka halafu kompresa inapumzika. Kwenye gereji ya bati tupu haipumziki. Itavuta kutwa nzima na bado haitafika. Masaa tisa ni karibu uniti 10. Umeme wa biashara ndogo unaonunua kwa LUKU, ukijumlisha VAT na tozo, uniti moja ni kama sh 356. Kwa hiyo ni kama sh 3,500 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni sh 91,000 kila mwezi. Hapo hujaanza kurejesha mkopo.

Feni ya kusimama ya wati 60, masaa yale yale tisa, ni kama sh 190 kwa siku. Mwezi mzima kama sh 5,000. Feni tatu sh 15,000.

Na kuna jambo watu wa gereji za nyumbani wanalisahau. Wengi mko kwenye mita moja na familia, na nyumba nyingi zenye matumizi madogo zipo kwenye ile tarifu ya sh 100 kwa uniti, inayoishia uniti 75 kwa mwezi. AC yako peke yake itakula zaidi ya uniti 250. Ukiipeleka nyumba juu ya hapo, ni mama na wadogo zako ndio watakaoona LUKU inakwisha kabla ya wiki, na ugomvi utakaotokea hapo hauna fundi wa kuutengeneza. Hata usiponunua AC, fungeni mita ndogo ya ndani ili karakana ijulikane imekula kiasi gani. Mita hiyo sio ghali na inaokoa undugu.

Dada yule alifanya hivi. Paa alilipaka rangi nyeupe ya mabati, koti mbili, baada ya kusugua kutu na vumbi. Rangi nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto. Usijaribu kupaka chokaa ya ukutani ukadhani umeokoa hela, mvua za Machi zikianza inateremka yote kwenye ukuta wa jirani. Kisha akatoboa matundu ya hewa juu kabisa, pande mbili za ukuta chini ya kofia ya bati, akaweka tofali za matundu na wavu wa mbu. Hewa ya moto inapanda juu, hiyo haihitaji elimu kubwa, lakini gereji nyingi zimezibwa juu zikabakiza mlango tu chini, kwa hiyo ile hewa inapanda, inakosa pa kutokea, inajaa mpaka inakufikia wewe. Ukiwa na tundu juu na uwazi chini, joto linatoka lenyewe bila hata senti ya umeme.

La tatu ndio lililonifurahisha zaidi maana lilikuwa la bure. Pasi alihamishia barazani, pembeni ya mlango. Pasi ya wati 1,000 ikiwa inawaka inatoa joto kama la watu kumi wamekaa ndani ya chumba. Umeme wote unaoingia kwenye pasi unaishia kuwa joto, hakuna pengine unapokwenda. Fundi simu una hoti eya, mwenye saluni una draya, seremala una mashine ya randa. Kabla hujafikiria kuleta baridi, tazama nani anakuletea joto ndani.

Mwisho akaweka feni mbili za ukutani, moja kwa kila upande wanakokaa mafundi. Saa nane kipima joto kikawa kinasoma 33 mpaka 34. Sio ubaridi wa benki, sitakudanganya. Lakini nyuzi 34 na upepo unakupuliza mwilini, fundi anakaa anashona. Sare za Januari zilitoka.

Nimesema feni za ukutani, na sio za dari, makusudi. Feni ya dari ukiitundika chini ya bati tupu inachota ile hewa ya moto iliyojaa juu inakushushia kichwani. Mpaka uweke dari kwanza ndio feni ya dari inakuwa na maana. Na kumbuka feni haipozi chumba, inapoza mtu kwa kukausha jasho. Kwa hiyo ukitoka kwenda kula, izime. Kuiacha inazunguka ili "ukute pamepoa" ni kuchoma uniti. Pia ndani pakizidi nyuzi 40, feni inakupulizia hewa yenye joto kuliko mwili wako, hapo inaweza kukudhuru badala ya kukusaidia. Simamisha kazi, watu wanywe maji.

Ukiwa na uwezo zaidi, weka dari. Hata ya bodi za kawaida inasaidia sana, sio lazima jipsamu. Kuna pia zile karatasi za kung'aa kama fedha zinazofungwa chini ya papi. Zinafanya kazi vizuri, ila mafundi wengi wanazibandika zikiwa zimegusana na bati. Zikigusana joto linapita tu. Acha uwazi wa sentimita mbili na nusu au zaidi kati ya karatasi na bati, upande unaong'aa ukitazama uwazi huo. Msimamie fundi, usimwachie.

Kama umepanga, subiri kabla hujapigilia msumari. Dari na rangi ya paa vitabaki kwa mwenye nyumba. Feni unaondoka nayo. Ongea naye mapema, mkubaliane kiasi gani kitakatwa kwenye kodi, na muandikishane, hata karatasi moja yenye sahihi zenu na shahidi. Nimeshaona mtu kapendezesha fremu, baada ya miezi sita kodi inapandishwa "kwa sababu fremu sasa ni nzuri".

Zile feni za maji je, zinazowekwa barafu? Kwa Dar, Tanga, Mtwara na Zanzibar, hapana. Zinapoza kwa kukausha maji hewani, na hewa ya pwani tayari imejaa unyevu, kwa hiyo maji hayakauki vizuri na wewe unabaki unanata. Juu yake zinakuongezea unyevu kwenye vitambaa, na kwa fundi simu unyevu ni adui. Ila ukiwa Dodoma au Singida wakati wa kiangazi ambapo hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, hizo feni zinafanya kazi kweli na umeme wake ni mdogo. Zitumie dirisha likiwa wazi, hewa yenye unyevu ipate kutoka.

AC ina mahali pake, sijasema ni mbaya. Ukiwa na studio ndogo ya picha, chumba cha kuchapisha chenye mashine zisizopenda joto, au fundi simu asiyeweza kutumia feni kwa sababu inapeperusha skrubu ndogo na kupooza sodaringi, weka. Lakini tenga chumba kidogo ndani ya gereji, chenye dari na mlango unaojifunga, upooze hicho, sio gereji nzima. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari kinatosheka na BTU 9,000. Inveta inapunguza umeme kama chumba kimezibwa vizuri. Mlango ukiwa wazi kwa wateja kutwa nzima, ile inveta unalipia jina tu. Seremala usiweke kabisa upande wa kazi, vumbi la mbao litaziba chujio ndani ya siku chache. Na AC ya mtumba inayotumia gesi ya zamani ya R22 iache hata kama bei inakuvutia, gesi hiyo dunia inaiondoa sokoni na siku ikivuja utasumbuka.

Waya sasa. Usivute AC ya karakana kwa ekstensheni kutoka soketi ya sebuleni. Inahitaji laini yake kutoka kwenye breka, waya wa milimita 2.5, breka yake yenyewe, na waya unaokwenda banda la uani upite ardhini ndani ya bomba. Hakikisha na waya wa ardhi upo. Gereji nyingi za uani hazina.

Wa Njombe, Makete, Mbeya, Mafinga na Lushoto najua mnasoma mnacheka, maana shida yenu ni Juni mpaka Agosti mikono inakufa ganzi. Nanyi anzeni na nyumba kabla ya hita. Hita ya wati 2,000 kwa masaa manane ni uniti 16, zaidi ya sh 5,600 kwa siku, na joto lote linatoka kwenye nyufa za bati. Zibeni chini ya mlango, wekeni mbao au mkeka mnene pale mnaposimama, kisha mtafute hita ndogo ya miale ya wati 800 inayoelekezwa kwa mtu badala ya chumba. Kama unanunua AC mpya, uliza inayotoa joto pia, maana kwa uniti moja ya umeme inakupa joto la kama uniti tatu. Dari kwenu ina faida nyingine: usiku bati linatoa jasho na kudondosha maji juu ya vitambaa na mbao. Maseremala, gundi nyeupe ya mbao haishiki vizuri kwenye baridi chini ya nyuzi 10, kwa hiyo gundisheni mchana, sio saa moja asubuhi.

Na jiko la mkaa ndani ya karakana iliyofungwa, hapana. Moshi ukiisha watu wanadhani hatari imeisha, kumbe ile hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma na usingizi, fundi anasema apumzike kidogo, haamki. Ukilazimika kutumia jiko, liwe nje barazani, mtoke kwa zamu kuota moto.