Sauti Kuwa Maandishi: Uteuzi wa Vifaa vya Imla na Unukuzi kwa Kiswahili



Mada ya jioni hii huenda ikaonekana kuwa ya mafundi mitambo na maofisa ugavi kuliko ya wanaisimu. Ofisi inapotaka kununua vinasa sauti, maikrofoni na programu za kunukuu, huunda kamati. Kamati hupokea bei, na bei ndogo hushinda. Mwanaisimu haalikwi. Nakusudia kuonyesha kwamba kutoalikwa huko kuna gharama, na kwamba anayeilipa ni mtu ambaye maneno yake yanaandikwa.

Tuanze na istilahi. Imla ni hali ambapo mtu husema akikusudia kuandikiwa: daktari anayetoa ripoti ya mgonjwa, au wakili anayetunga barua. Unukuzi, kwa maana tunayoitumia hapa, ni kuyageuza maandishi mazungumzo yaliyonaswa, hata kama wasemaji hawakumjali mwandishi. Katika imla msemaji hushirikiana na kifaa: hukiweka karibu na mdomo, hutaja vituo, hujirudia akikosea. Shahidi kizimbani hafanyi lolote kati ya hayo. Ana hofu, sauti imeshuka, uso umeelekea kwa hakimu wala si kwenye maikrofoni. Kwa hiyo kinasa sauti cha mkononi kilichobuniwa kwa imla, chenye swichi ya kurudi nyuma na kusema upya juu ya maneno ya awali, ni neema kwa daktari na ni hatari kubwa mahakamani, ambako sauti ya kwanza haipaswi kufutika.

Historia ya vifaa hivi inaeleweka upesi. Edison alivumbua santuri yake ya silinda mwaka 1877. Jina la Dictaphone lilisajiliwa mwaka 1907. Kaseti ya Philips ilitoka mwaka 1963. Vyote vilikusudiwa ofisi za Ulaya na Marekani, na lugha zake. Kilichodumu hadi leo ni kanyagio, yaani kile kifaa cha mguuni kinachomwezesha mnukuzi kusimamisha sauti na kuirudisha huku mikono ikiendelea kupiga chapa. Kamati nyingi hukiona kama anasa. Saa moja ya mazungumzo humchukua mnukuzi hodari takriban saa nne kuinukuu, na zaidi iwapo wasemaji ni wengi. Bila kanyagio, sehemu ya muda huo hupotea katika kuhamisha mikono tu.

Sasa tutazame Tanzania. Kwa miaka mingi shahidi katika Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu alisema kwa Kiswahili, na hakimu au jaji akaandika kwa mkono, kwa Kiingereza. Kumbukumbu ya shauri ilikuwa tafsiri. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 1) ya mwaka 2021 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ingawa ilibakiza nafasi ya kutumia Kiingereza inapolazimu. Maana yake ni kwamba maneno ya shahidi mwenyewe yanaweza sasa kuingia katika kumbukumbu jinsi yalivyotamkwa. Hapo ndipo fonolojia inapoingia chumbani.

Chukueni vitenzi viwili: *atalipa* na *hatalipa*. Kinachotenganisha ahadi na kukataa ni kikwamizo kimoja, /h/, sauti dhaifu kuliko karibu zote tulizo nazo. Vivyo hivyo *utalipa* na *hutalipa*. Isitoshe, wapo wazungumzaji wengi wasioitamka /h/ kabisa, na wengine huipachika pasipo mahali pake. Ana kwa ana hatupotei, kwa sababu kiimbo, uso na muktadha hutuokoa. Mnukuzi hana uso wa kutazama. Feni ikiwa inavuma juu ya kizimba, /h/ humezwa na mvumo kabla haijafika kwenye kinasa sauti. Tazameni pia *alipiga* na *alimpiga*: kiambishi cha mtendwa ni nazali fupi tu, na shtaka zima laweza kuning'inia hapo.

Kundi la pili ni *thamani* na *samani*. Kinachotofautisha vikwamizo hivi kimo kwa kiasi kikubwa katika masafa ya juu. Simu ya kawaida ya zamani hupitisha takriban Hz 300 hadi 3,400 tu, na kinasa sauti kilichowekwa kubana sauti mno ili kuokoa nafasi hufanya kosa lilelile. Sauti inayonaswa kwa sampuli 16,000 kwa sekunde huhifadhi masafa hadi Hz 8,000, kiasi kinachotosha kwa usemi. Kwa mkondo mmoja wa biti 16, bila kubanwa, saa moja huchukua takriban megabaiti 115. Kwa bei za leo za kuhifadhi data, sioni sababu ya ofisi yoyote kubana sauti ya ushahidi.

Lakini fedha nyingi zaidi ziende kwenye maikrofoni. (Kiswahili kimetuponza kidogo hapa: *kipaza sauti* hutumika kwa kile kinachopokea sauti na kwa kile kinachoitoa, nami nimeona hati za zabuni ambazo hazikuweka wazi kipi kilitakiwa.) Mahali pa wazi, umbali ukiongezwa maradufu, kiwango cha sauti hushuka kwa takriban desibeli 6, ilhali kelele ya chumba hubaki palepale. Maikrofoni moja nzuri katikati ya ukumbi haiwezi kushindana na maikrofoni za kawaida, moja kwa kila msemaji, kila moja ikinaswa katika mkondo wake. Kwa mpango huo, hata watu wawili wakisema kwa pamoja, mnukuzi anaweza kumsikiliza mmoja mmoja.

Vipi programu zinazonukuu zenyewe? Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Katika hizo, lugha 96 zisizo Kiingereza, Kiswahili kikiwemo, ziligawana takriban saa 117,000, tena kwa mgawanyo usio sawa. Programu za namna hii zinasaidia, nami sizipingi. Ninachopinga ni namna zinavyopimwa. Wauzaji hutaja asilimia ya maneno yaliyokosewa. Katika sentensi ya maneno 20, kuandika *atalipa* badala ya *hatalipa* ni kosa la asilimia 5 tu. Programu itasifiwa kuwa sahihi kwa asilimia 95, na maana imegeuzwa kichwa chini. Lugha inayobeba ukanushi, nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja haiwezi kupimwa kwa kuhesabu maneno peke yake.

Liko pia suala la kuchanganya msimbo. Kanuni za Bunge la Kenya humtaka mbunge aliyeanza hotuba kwa lugha moja aimalize kwa lugha hiyohiyo, na wanukuzi wa Hansard hunufaika. Shahidi, mgonjwa au mteja hafungwi na kanuni hiyo. Programu inayodai kuchaguliwa lugha moja kabla ya kuanza mara nyingi huyapotosha maneno ya lugha ya pili.

Kuhusu usiri nitasema machache. Programu nyingi hupeleka sauti kwenye kompyuta zilizo nje ya nchi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mnunuzi aulize sauti inakwenda wapi kabla ya kuuliza bei.

Napendekeza, basi, jaribio ambalo idara yoyote ya Kiswahili inaweza kuiandalia ofisi kwa siku moja. Zitungwe sentensi 40 zenye jozi kama hizi, zichanganywe bila mpangilio. Zisomwe na wasemaji wa pwani na wa bara, wazee na vijana, wakiwa mahali atakapokaa msemaji halisi, feni ikizunguka na madirisha yakiwa wazi. Mnukuzi asiyeziona sentensi aandike anachosikia. Programu nayo iandike. Makosa ya ukanushi, ya nafsi na ya mtendwa yahesabiwe kando, kila kundi kwa safu yake, na matokeo yaambatishwe kwenye hati ya zabuni kabla bahasha za bei hazijafunguliwa.