Zanzibar (michoro ya Lubaina Himid)

Zanzibar ni mfululizo wa michoro ya rangi za akriliki uliofanywa na Lubaina Himid mwaka 1999. Himid ni msanii wa Uingereza aliyezaliwa Unguja. Michoro hiyo ni ya jozi: turubai mbili mbili hutundikwa pamoja na kutazamwa kama kazi moja. Mada yake ni kisiwa jinsi kinavyobaki moyoni mwa mtu aliyekiacha kabla hajaweza kukumbuka chochote.

Usuli

Himid alizaliwa mwaka 1954, wakati Zanzibar ilipokuwa usultani chini ya ulinzi wa Waingereza. Baba yake alifariki kwa malaria mtoto akiwa na umri wa miezi minne tu. Mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa mitindo ya vitambaa, alirudi naye Uingereza, akakulia London. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea alikuwa msichana wa miaka tisa, mbali na kwao. Alisomea ubunifu wa jukwaa la tamthilia katika chuo cha sanaa cha Wimbledon, akahitimu mwaka 1976, kisha akapata shahada ya uzamili Royal College of Art mwaka 1984. Katika miaka hiyo aliandaa maonyesho ya wasanii wanawake weusi, likiwemo The Thin Black Line mjini London mwaka 1985. Baadaye alihamia Preston, kaskazini mwa Uingereza, ambako alikuwa profesa wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire.

Alirudi Zanzibar kwa mara ya kwanza mwaka 1997, akiwa na miaka arobaini na kitu. Michoro ya Zanzibar ilizaliwa na safari hiyo.

Michoro yenyewe

Anayetembea katika vichochoro vya Mji Mkongwe hukutana na maduka ya picha: jahazi na machweo, milango ya nakshi, Wamasai warefu wembamba, wanyama wa mtindo wa Tingatinga ulioanzia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Picha hizo humpa mgeni kitu anachoweza kukitambua atakapofika kwake. Michoro ya Himid haimpi hivyo. Inakaribia sanaa dhahania: mistari, maumbo yanayorudiwarudiwa na rangi zinazofanana na maji, mvua na mwanga. Mahali panatambulika kwa hali ya hewa kuliko kwa majengo, na katika kisiwa chenye masika na vuli hilo si jambo dogo.

Mchoro mmoja unaitwa Women's Tears Fill the Ocean, yaani machozi ya wanawake yanaijaza bahari. Jina hilo linaeleza mengi. Maji yanayoizunguka Unguja yanageuka kuwa kilio cha waliofiwa na walioachwa, na bahari ileile ndiyo iliyomtenganisha mtoto na kwao. Ndiyo maana si sawa kuiita michoro hii ndoto tamu ya kisiwa cha karafuu. Ni michoro ya msiba. Pia mtindo wa jozi una maana hapa, kwa kuwa daima kuna mwanya kati ya turubai moja na nyingine, na jicho hulazimika kuuvuka.

Miaka mingi baadaye michoro hiyo ilionyeshwa upya pamoja na sauti zilizotungwa na msanii Magda Stawarska.

Bahari na kanga katika kazi nyingine

Bahari haikumwacha Himid. Katika Plan B, iliyoonyeshwa Tate St Ives mwaka 1999 hadi 2000, kuna vyumba vitupu vinavyotazama bahari. Katika michoro ya Le Rodeur, aliyoanza mwaka 2016, kumbukumbu ni ya meli ya watumwa ya Kifaransa ambamo mwaka 1819 ugonjwa wa macho uliwapofusha watu, na baadhi ya waliopofuka wakatupwa majini.

Pwani inaonekana waziwazi zaidi katika kazi zake za kanga. Kila mwanamke wa Unguja anajua kwamba kanga ina pindo, mji na jina, na kwamba jina ndilo linalosema yale ambayo mdomo unayaogopa. Himid aliuchukua mpango huohuo, akaweka picha katikati na maneno chini. Kwa binti wa mbunifu wa vitambaa, labda huo ndio urithi wa Zanzibar uliokuwa karibu zaidi na mkono wake.

Kutambuliwa

Mwaka 2017 Himid alipata Tuzo ya Turner, iliyotolewa mjini Hull. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata na, akiwa na miaka 63, mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote waliomtangulia. Mwaka huohuo kikomo cha umri wa miaka 50 kilikuwa kimeondolewa. Tate Modern ya London ilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake kuanzia Novemba 2021. Aliteuliwa pia kuiwakilisha Uingereza katika Biennale ya Venice ya mwaka 2026.