Sunday Manara: straika aliyekwenda Ulaya kabla njia haijachongwa

Agosti 10, 1974, Uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Ubingwa wa Tanzania unaamuliwa kwa mechi moja kati ya Yanga na Simba, mbali kabisa na Dar es Salaam yao. Simba wametangulia mapema kwa bao la Adam Sabu dakika ya 16, wamelilinda jioni nzima, na imebaki kidogo tu wabebe kombe. Dakika ya 87 Gibson Sembuli anasawazisha. Mpira unakwenda dakika za nyongeza, na dakika ya 97 Sunday Manara anafunga la pili. Yanga bingwa.

Mashabiki wa Jangwani, yaani Yanga, wa umri fulani wanaisimulia mechi hiyo mpaka leo kana kwamba ilichezwa juzi. Na miezi mitano baadaye watani walipewa tena dozi ileile, kwa mikono ya watu walewale. Januari 1975, kwenye fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati iliyochezwa Zanzibar, Yanga waliifunga Simba 2-0. Wafungaji: Sembuli na Manara. Simba ndio waliokuwa wakishikilia kombe hilo.

Sunday walimwita “Computer”. Kwa Tanzania ya miaka ya sabini, jina hilo lilikuwa la ajabu kidogo, maana wengi waliolipigia kelele majukwaani hawakuwa wamewahi kukiona chombo chenyewe.

Familia ya Manara ina asili ya Kigoma, na hilo linaeleza mengi kuhusu soka la Dar es Salaam kuliko mtu anavyodhani. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mji ule wa ziwani na Kariakoo vimekuwa kama vyumba viwili vya nyumba moja: vinatenganishwa na zaidi ya kilomita 1,200, lakini watu, mashuka, samaki na habari vinapita kila wiki. Wamanyema waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo na kukaa Ujiji waliendelea na safari hadi pwani, wakajenga mitaa ya Ilala na Kariakoo pamoja na wenyeji. Klabu ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, imekulia katika mitaa hiyohiyo. Kwa hiyo mtu mwenye asili ya Kigoma kuvaa njano na kijani halikuwa jambo la mgeni aliyebahatika kupokelewa mjini. Alikuwa kwao.

Sunday hakuwa peke yake. Kaka yake Kitwana, “Popat”, alianza kama golikipa kisha akahamia mbele kuwa mshambuliaji, jambo ambalo makocha wa leo wangelicheka kama mzaha. Halikuwa mzaha. Juni 1, 1968, Yanga walipoifunga Sunderland 5-0 (Sunderland ndilo jina la Simba kabla ya mwaka 1971), Kitwana alikuwamo kwenye orodha ya wafungaji. Mdogo wao Kassim naye akacheza. Ndugu watatu, nyumba moja, na wote majina makubwa.

Mwaka 1976 Yanga ilipasuka. Mgogoro wa viongozi, wachezaji na benchi la ufundi uliishia kwa kundi kubwa kutoka na kuanzisha Pan African, timu iliyokuja kutwaa ubingwa wa nchi mwaka 1982. Mpasuko huo ulimkuta Sunday akiwa kwenye ubora wake. Mwaka uliofuata alikuwa Uholanzi.

Alisajiliwa na Heracles, klabu ya mji wa Almelo, upande wa mashariki karibu na mpaka wa Ujerumani, iliyokuwa ikicheza daraja la pili. Ndivyo Sunday Manara anavyohesabiwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Sentensi hiyo inarudiwa kila anapotajwa, na ni vizuri irudiwe, lakini huwa inapita haraka mno. Inafaa kuuliza ilimaanisha nini kwa kijana kutoka Tanzania ya 1977.

Soka letu wakati ule lilikuwa la ridhaa. Mchezaji wa Yanga au Simba alikuwa na kazi yake ya mchana, mara nyingi kwenye shirika la umma, na jioni alikwenda mazoezini. Umaarufu ulikuwepo wa kutosha, mshahara wa mpira haukuwepo. Nchi ilikuwa muongo mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, na wazo la mtu kuuza kipaji chake nje kwa fedha za kigeni halikuwa na mahali pa kukaa katika lugha ya siku hizo. Hapakuwa na mawakala wa wachezaji nyumbani wala video za kumtumia kocha wa ng'ambo. Aliyeondoka alikuwa anabahatisha maisha yake.

Alikaa Heracles msimu mmoja. Kisha akavuka Atlantiki kwenda New York Eagles, kwenye ligi ya American Soccer League. Hapa watu huchanganya mambo, kwa hiyo tuliweke sawa: hiyo siyo ligi ya New York Cosmos aliyochezea Pelé. Cosmos walikuwa NASL, ligi ya fedha nyingi na majina ya kutisha, na Pelé mwenyewe alishaagana na mpira Oktoba 1977. Eagles walikuwa ligi ndogo zaidi. Baada ya Marekani akarudi Ulaya, SV St. Veit, klabu ya mji mdogo wa jimbo la Carinthia kusini mwa Austria. Kassim naye akacheza Austria. Halafu Sunday akamalizia Ghuba, Al Nasr ya Dubai.

Nchi nne ndani ya miaka michache. Msomaji wa leo anaweza kuziona kama kuhangaika, hasa akizipima kwa kipimo cha mikataba ya miaka mitano. Lakini zitazame kwa jicho la aliye ughaibuni: ndiyo njia ya mhamiaji yeyote asiye na mtu wa kumpokea. Unaingia mlango uliofunguka, unafanya kazi, unasikia kwingine kuna nafasi, unafunga mabegi. Kwa mpira wake, Sunday Manara alipita Uholanzi, New York na Dubai, miji na nchi ambazo leo zina Watanzania wengi tu.

Gharama ilikuwepo. Taifa Stars, timu ya taifa, walipofuzu kwa mara ya kwanza fainali za Mataifa ya Afrika, Lagos 1980, majina yaliyobaki midomoni ni ya Peter Tino, aliyefunga Ndola dhidi ya Zambia na kutupeleka huko, na Thuwein Ally, aliyefunga kwenye fainali zenyewe. Computer alikuwa ng'ambo. Enzi hizo kumwita mchezaji kutoka Ulaya hakukuwa jambo la kawaida kwa timu zetu, na hakuna kalenda ya FIFA iliyoilazimisha klabu kumwachia.

Baada yake njia haikujaa watu. Ilibidi tusubiri mpaka Januari 2016 ndipo Mbwana Samatta aende Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 aingie Aston Villa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Tofauti yake kubwa na Sunday ni walikopitia. Samatta alijengewa ngazi Lubumbashi: TP Mazembe walimchukua mwaka 2011, wakamlipa, wakamchezesha Afrika nzima, na mwaka 2015 akatwaa nao Ligi ya Mabingwa Afrika. Ulaya ilimwona akiwa tayari ana kombe mkononi. Ngazi hiyo ilikuwa Kongo, nchi inayoonekana ng'ambo ya ziwa ukisimama ufukweni Kigoma, ila mwaka 1977 hakuna aliyeifikiria kuwa njia ya kwenda Ulaya.

Kigoma yenyewe imeendelea kutoa wachezaji, Juma Kaseja langoni akiwa mfano unaojulikana zaidi, na tangu 2023 mji una timu ya Ligi Kuu, Mashujaa, inayocheza Uwanja wa Lake Tanganyika. Uwanja huohuo ulipokea fainali ya Kombe la Shirikisho Julai 25, 2021, Simba wakaifunga Yanga 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Siku chache baadaye Haji Manara, mtoto wa Sunday na msemaji wa Simba kwa miaka kadhaa, aliachana na klabu hiyo. Agosti alitambulishwa Jangwani, kwenye klabu ya baba yake.