Mgonjwa kwa Mgonjwa

Mwaka 1933 mmisionari Amy Carmichael alitoa kitabu kiitwacho Rose from Brier. Humo analalamika, kwa upole, jambo ambalo limenikaa kichwani. Aliletewa vitabu vingi vya kuwafariji wagonjwa, akavisoma kitandani, na havikumsaidia. Sababu anayoitoa ni fupi: viliandikwa na wazima. Basi akakusanya barua alizokuwa akiwaandikia wagonjwa wenzake, akazitoa zilivyo, mgonjwa akisema na mgonjwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Afya ilimsumbua tangu ujana wake huko Ireland, alikozaliwa mwaka 1867. Shirika la wamisionari la China Inland Mission lilimkataa kwa sababu hiyohiyo, na Japani nako hakudumu. Mwaka 1895 akafika India, asirudi kwao tena. Huko Dohnavur, kusini, alilea watoto waliokuwa wametolewa, au walio hatarini kutolewa, kwa mahekalu. Wakamwita Amma, yaani mama.

Tarehe 24 Oktoba 1931, akikagua nyumba katika mji wa Kalakkadu, alitumbukia shimoni gizani. Mguu ukavunjika, kifundo kikateguka. Ilitarajiwa atapona. Hakupona. Alikuwa na miaka 63, na karibu miaka 20 iliyobaki aliimaliza zaidi chumbani mwake. Mwaka 1948 akaanguka tena, humohumo chumbani.

Kalamu lakini haikulala. Gold by Moonlight kilitoka mwaka 1935, If mwaka 1938, Kohila mwaka 1939, na vingine vikafuata. Mwanamke aliyekataliwa kwa kukosa afya ameacha vitabu zaidi ya 30.

Anachokisema hasa ni nini? Katika shairi lake moja anazipima njia ambazo mtu mwenye uchungu huzijaribu ili apate amani: kusahau, kujitwisha kazi, kujitenga na watu, kusalimu amri. Zote anaziona hazifiki. Inayofika, kwake, ni kupokea. Hapo ndipo ninapompenda, kwa sababu anakataa kuchanganya kupokea na kusalimu amri. Anayesalimu amri ameinamisha kichwa tu, moyo ungali umekunja ngumi. Anayepokea amefungua mkono, ingawa maumivu ni yaleyale na usiku ni mrefu uleule.

Neno hilo lina uzito likitoka kwa aliyelala. Je, mchungaji mwenye afya akilichukua na kulisoma wodini, mbele ya mama asiye na fedha ya dawa, bado ni faraja? Au limegeuka kijitabu kingine cha wazima?

Na kuna wengine ninaowatafuta katika kurasa za vitabu vyake: wanawake wa Kitamil waliomlisha, waliomgeuza na kukesha naye mwaka baada ya mwaka, hadi alipofariki tarehe 18 Januari 1951. Wao nao walichoka. Kama wangeandika, mwuguzaji kwa mwuguzaji, wangetuambia nini kuhusu kupokea?