Mwani Ukikatika, Tazama Jeraha Kabla ya Kumlaumu Tasi

Mkulima akiteremka shambani maji yamekupwa, akakuta kamba zimebaki vishina, mshitakiwa wa kwanza ni tasi. Pwani ya kaskazini ya Pemba, kutoka Msuka kuelekea Tumbe na Micheweni, samaki huyu hubebeshwa karibu kila hasara ya mwani. Pengine ni yeye kweli. Lakini mwani hukatika pia kwa maradhi, na anayeshughulika kufukuza samaki huku maradhi yakihama kamba hadi kamba atavuna kidogo sana.

Jeraha lenyewe husema. Tasi huanzia nchani, kwenye sehemu changa. Tawi hubaki butu, ila kilichosalia ni kigumu na kina rangi yake. Tasi wadogo ndio wanaotatiza, kwani huparura ngozi ya juu tu, na tawi likaonekana jeupe kama lililougua. Libonye kwa vidole: la tasi bado ni gumu ndani. Kasa naye hana adabu hiyo ya kuchagua, hung'oa fungu zima.

Maradhi ambayo wataalamu huyaita aisi-aisi huanzia popote, mara nyingi katikati ya tawi. Kipande hupoteza rangi, kikawa cheupe kama kioo chenye ukungu, kikalainika. Hapo ndipo tawi hukatika, na ncha yake, ikiwa bado nzima, huchukuliwa na maji. Kwa hiyo, kabla ya kuingia shambani pita ufukweni. Ukikuta ncha nzima zimetupwa na mawimbi na vishina vyake vina weupe laini, tasi hana kesi ya kujibu.

Bakteria wamo katika maradhi haya, lakini hawaanzi wao. Danilo Largo wa Ufilipino na wenzake walionesha katika miaka ya 1990 kwamba mwani hupauka kwanza kwa dhiki: joto la maji la nyuzi 33 hadi 35, chumvi iliyoshuka hadi gramu 20 kwa kilo ya maji, au mwanga hafifu. Bakteria huja kummalizia aliyekwisha kudhoofika. Sasa pima kwa kalenda yetu. Wakati wa bamvua maji hukupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, jua likiwa tayari kali. Wakati wa kaskazi, shamba la maji mafupi huchemka. Masika yakiingia, mvua huizimua chumvi, hasa karibu na mikondo ya maji yatokayo nchi kavu. Weupe ulioanza siku chache baada ya hali hizo una maelezo yake.

Mshitakiwa wa tatu ni mwani mwingine, mwembamba kama nywele, unaoota juu ya mwani wako na kuufanya ukwaruze ukiupapasa. Huo huiba mwanga na kuacha vidonda ambamo bakteria huingia.

Bado una shaka? Funika mafungu machache kwa kizimba cha wavu wenye matundu madogo, mengine ya kamba hiyohiyo yaache wazi. Yaliyofunikwa yakinawiri na ya nje yakiliwa, ni samaki au kasa. Yote yakipauka, wavu hautakusaidia.

Dawa ya kunyunyiza baharini haipo. Kilichopo ni kuvuna mapema sehemu ambazo hazijaugua, kuchagua mbegu kwenye matawi yasiyo na doa, na kusogeza kamba kwenye maji marefu zaidi. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, amehimiza kilimo cha maji marefu kwa miaka mingi. Najua si rahisi: wakulima wengi ni wanawake, na maji marefu yanadai chombo na kuogelea. Lakini mwani mnene, kotonii, wenye bei nzuri kuliko aina nyembamba inayolimwa, ndio unaokufa haraka maji yakipata moto. Kuung'ang'ania kwenye maji ya magotini wakati wa kaskazi ni kupoteza mbegu.

Na vipande vyeupe ulivyovikata usivitupe hapohapo shambani. Vitie kikapuni, uvipandishe pwani, uvianike mbali na maji yanapofika.