Kivuli, udongo na ziwa: dawa yenye masharti

Mtu wa Katanika hahitaji kushauriwa atoke nje. Yuko nje tangu alfajiri: anapanga foleni ya maji, anachanja kuni, anaanika mihogo, anapika, anasubiri. Kibanda cha majani na turubai ni cha kulala tu, na saa nane mchana hata kulala hakufai kwa joto. Ndiyo maana ule ushauri uliosambaa duniani, kwamba tuache simu tukatembee msituni ili tupate afya, ukifika hapa pembezoni mwa mji wa Kalemie, mashariki mwa Kongo, unachekesha kidogo. Lakini usitupwe. Ndani yake mna sayansi ya kweli, na watu wa Katanika wanaihitaji kuliko hao walioandikiwa.

Sababu ni vita. Mapigano kati ya jamii za Wabatwa na Waluba yalipamba moto upya mwaka 2016 katika mkoa wa Tanganyika, na kufikia mwisho wa 2017 Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu laki sita waliokimbia makwao mkoani. Katanika ikawa moja ya maeneo makubwa yaliyowapokea. Mtu aliyeona nyumba yake ikiungua hukaa na moto huo mwilini muda mrefu baada ya majivu kupoa: halali, anashtuka mlango ukibamizwa, chakula hakimpandi, watoto wanamkera bila kosa. Madaktari wa akili ni wachache mno katika nchi yetu, na hawako Katanika. Kwa hiyo kila kinachoweza kutuliza mwili bila daktari kinastahili kuchunguzwa kwa makini, na kwa ukali pia.

Nasema kwa ukali kwa kuwa vita hivyo vyenyewe vilipita msituni. Oktoba 2016, huko Kabalo mkoani humohumo, ziliripotiwa habari za watu kuuana kwa sababu ya ushuru wa viwavi. Wabatwa waliookota viwavi porini walidaiwa sehemu ya walichookota, wakakataa, mishale ikarushwa. Mtu akiniambia kwamba msitu ni mahali pa utulivu, humuuliza kwanza: msitu wa nani, na ukiingia unaruhusiwa na nani?

Tuanze na kilichopimwa. Mwaka 1984 Roger Ulrich, mtafiti wa Marekani, alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walirudi nyumbani mapema kidogo na waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Wagonjwa 46 wa hospitali moja si wengi, na utafiti huo umebebeshwa mzigo mkubwa kuliko mabega yake. Hata hivyo ulifungua njia. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Mathew White walichambua majibu ya watu karibu 20,000 wa Uingereza, wakaona kwamba waliotumia walau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na maisha yanawaridhisha. Haikujalisha kama dakika hizo zilitumika kwa mkupuo au kidogo kidogo. Msomaji makini atauliza: je, si kwamba wenye afya ndio wanaoweza kutembea? Swali ni halali, na takwimu za aina hiyo peke yake hazilimalizi.

Utafiti wa Philadelphia ndio unaoniaminisha zaidi. Mji huo una viwanja vingi vilivyotelekezwa, vimejaa takataka na matairi. Watafiti walivichukua viwanja 541 wakavigawa kwa bahati nasibu: vingine vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuwekewa uzio mfupi, vingine viliondolewa taka tu, vingine viliachwa vilivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Wakazi wa karibu na viwanja vilivyopandwa walipungukiwa na hisia za huzuni kwa zaidi ya asilimia 40, na katika mitaa maskini kwa karibu asilimia 69. Palipoondolewa taka peke yake hapakuonekana tofauti ya maana. Hapa hakuna hoja ya wenye afya kwenda wenyewe bustanini, maana ni bustani iliyowafuata watu mlangoni kwao. Na faida ilikuwa kubwa zaidi pale penye dhiki.

Kinachotokea mwilini si siri. Mtu akitishwa, tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, sukari inapanda katika damu, tumbo linasimamisha kazi yake, usingizi unakimbia. Hiyo ni huduma nzuri wakati risasi zinalia. Ubaya ni risasi zinaponyamaza mwaka mzima na mwili bado unakesha. Shinikizo la damu linapanda, kinga inalegea, kumbukumbu inapwaya. Sasa, kuna mambo yanayoupa mwili ishara kwamba hatari imepita, na mengi kati yake yako nje: upepo mwanana, sauti ya maji, majani yanayocheza, ndege wanaoendelea na mambo yao. Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza jambo la jirani na hilo katika kitabu chao cha 1989. Umakini tunaoulazimisha, ule wa kuhesabu pesa au kulinda mzigo sokoni, huchoka kama msuli. Mawimbi na majani yanavuta macho bila kudai juhudi, na huo ndio wakati wa msuli kupumzika.

Mwanga nao una kazi yake. Mwanga wa asubuhi ukiingia jichoni unafika kwenye sehemu ndogo ya ubongo inayopanga saa za mwili, na hiyo ndiyo inayoamua usingizi uje saa ngapi usiku. Aliyezongwa na huzuni mara nyingi hujifungia kibandani hadi adhuhuri, kisha usiku anakodoa macho. Kumtoa akae nje jua likiwa bado changa, hata akiwa anachambua sombe tu, ni matibabu halisi ya usingizi. Hayauzwi dukani, na pengine ndiyo sababu hayasifiwi.

Kati ya yote, udongo ndio ningeuanza Katanika. Huko Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watu 30 wenye viunga vya mboga walipewa kwanza kazi ya kuwachosha akili, kisha nusu wakaenda kulima kwa dakika thelathini na nusu wakakaa ndani kusoma. Kotisoli ilishuka kwa wote, ila kwa waliolima ilishuka zaidi, na furaha yao ilirudi yote. Sasa fikiria mama aliyeacha shamba zima Nyunzu au Manono, ambaye siku yake inaamuliwa na gari la msaada kufika au kutofika. Tuta moja la lengalenga na matembele linampa kitu kinachomsubiri yeye, kinachonyauka asipokuja. Linampa mboga pia, kwa hiyo madini ya chuma na vitamini A kwa watoto wanaokula bukari mkavu. Wataalamu wa akili na wataalamu wa lishe wamezoea kuandika miradi tofauti. Tuta lenyewe halijui tofauti hiyo.

Mahali pakiwa finyu, gunia linatosha. Kibera, jijini Nairobi, baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007, shirika la Solidarités International lilieneza bustani za magunia: udongo na samadi ndani, nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, miche juu na pembeni kwenye matundu. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kulinywesha gunia.

Kivuli kinafuata. Turubai linalopigwa na jua linageuza kibanda kuwa tanuri. Mti hufanya kazi mbili: unakinga jua, na majani yake yanatoa mvuke unaopoza hewa iliyo chini yake. Mtoto mchanga na mama mjamzito ndio wanaofaidi kwanza. Na chini ya mti ndipo watu wanapozungumza. Huko Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alikosa chumba cha kufanyia ushauri katika zahanati, akaweka benchi nje na kuwafunza kina bibi wa mtaani kuwasikiliza wenye mawazo mazito. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa na dalili chache sana za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sitaupa mti sifa isiyo yake: kilichopimwa ni maongezi ya bibi. Lakini benchi hilo lingekosa wakaaji kama lingekuwa juani.

Sasa ziwa, na hapa sauti yangu inabadilika. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, mita zipatazo 1,470, na Kalemie imekaa pale ambapo maji yake yanatokea kuingia mto Lukuga kwenda kuutafuta mto Kongo. Kukaa ufukweni jioni kunatuliza. Hilo halina ubishi, na vijana wa mjini hawakungoja mtafiti awaambie. Ndakala, samaki mdogo anayeliwa mzima, na kichwa na mifupa, anajenga mifupa ya mtoto. Ziwa hilohilo ni makao ya kipindupindu, ambacho wengi huku wanakiita kolera, na Kalemie ni miongoni mwa miji ya Kongo ambako ugonjwa huo hauishi, unapungua tu na kurudi. Mwaka 2013 na 2014 Madaktari Wasio na Mipaka walichanja watu mjini dhidi yake. Chanzo ni kilekile: bomba halifiki, watu wanachota ziwani na mtoni palepale wanapooga wengine na pengine wanapojisaidia. Miaka ambayo ziwa linapanda, kama 2021 na 2024, mafuriko yanaingia vyooni na kuyatoa yaliyomo.

Basi ziwa ni dawa ya macho na masikio, na si ya kinywa mpaka maji yachemshwe au yatiwe klorini. Kwa ngozi kuna sharti jingine, kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wanaopenda maji tulivu yenye majani, na huwa vingi zaidi jua likiwa la utosi. Mtoto anayecheza saa sita mchana kwenye ghuba yenye matete yuko hatarini kuliko anayejirusha penye mawimbi na mchanga mtupu. Mjomba anayejua kuvua anaweza kumwonyesha pa kuchezea, kazi ya nusu saa.

Msitu una sharti zito zaidi. Kandokando ya Goma, mwaka 2023, Madaktari Wasio na Mipaka waliripoti kwamba wanawake wengi waliobakwa katika kambi walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni na chakula. Mwanamke anayeingia porini akitazama nyuma kila hatua hapati utulivu wowote uliopimwa Uingereza. Anarudi na kotisoli, na mzigo wa kuni. Kwake, afya ya kuwa karibu na miti inaanza na jiko linalokula kuni chache na kwenda kwa kikundi, halafu na miti iliyo karibu na mlango wake.

Na hapo ndipo tunapokwama, maana mti unahitaji ardhi. Sehemu nyingi za Afrika, Kongo ikiwamo, kupanda mti wa kudumu ni kuweka dai. Mwenye shamba anayemruhusu mgeni kupanda mahindi atamkatalia mwembe, na simlaumu: mwembe utaishi kuliko yeye, na wajukuu wa mgeni watauonyesha kama ushahidi. Miradi ya kijani katika maeneo ya wakimbizi inaweza kufa kwa sababu hiyo hata bila ukame. Miche inaletwa kwa gari, picha zinapigwa, na baada ya miezi miwili mbuzi wameshaimaliza kwa kuwa hakuna mwenye mti. Ningependa kuona karatasi moja iliyosainiwa na chifu, mwenye shamba na wakimbizi, isemayo matunda ni ya nani na mti ni wa nani mgeni akiondoka, kuliko miche elfu isiyo na wenyewe.

Mpaka karatasi hiyo ipatikane, mpapai ndio mti wa kuombea ruhusa. Unazaa ndani ya mwaka mmoja hivi na hauishi miaka mingi, kwa hiyo haumtishi mwenye ardhi. Mbegu zioshwe, zianikwe kivulini, zioteshwe kwenye makopo mwezi wa nane, miche ihamishwe mvua zikishakolea. Weka mitatu kwenye shimo moja, kwa kuwa dume na jike hawatambulikani mpaka wachanue. Wakichanua, ng'oa madume, ubakize mmoja kwa majike kumi. Mbuzi wazuiwe kwa miiba.