Kuunganisha Mabamba Bila Kuyayeyusha

Kamina ni mji wa reli. Hapa hukutana njia za Lubumbashi, Ilebo na Kalemie. Nani kati yetu hajamwona fundi akilehemu chuma kwa umeme, na mwanga mkali, cheche na moshi vikimzunguka? Kwa vyuma vinene kazi hiyo yafaa sana. Lakini mpe fundi huyo mabamba mawili ya alumini, yenye unene wa milimeta moja tu: moto ukizidi kidogo, bamba hutoboka, lisipotoboka, hujikunja lipoapo. Tena alumini hufunikwa na ngozi nyembamba isiyoyeyuka hata kwa nyuzi 2000, ingawa alumini yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 660.

Basi, yaunganishwe namna gani?

Mwaka 1991, katika chuo cha uchunguzi wa kulehemu kiitwacho TWI, karibu na Cambridge, Uingereza, Wayne Thomas na wenzake walibuni njia ya kuunganisha kwa kusugua na kukoroga. Chombo chake ni chuma kigumu chenye bega pana, na chini ya bega kuna ncha fupi, pungufu kidogo ya unene wa bamba. Mabamba huwekwa ukingo kwa ukingo na kubanwa barabara juu ya meza ya chuma. Chombo huzunguka mara mamia, pengine zaidi ya elfu, kwa dakika moja. Ncha huzama katika kiungo, bega hugandamiza juu, na msuguano huleta joto. Alumini haiyeyuki, hulainika tu. Ndipo chombo husogezwa mbele kikikoroga, kama mama asongavyo bukari kwa mwiko, hata upande huu na ule visitambulikane tena.

Wahenga walisema: udongo upatilize uli maji. Mhunzi naye alilijua jambo hili tangu kale: hupasha vyuma viwili moto hata vilainike, kisha huvigonga vikashikamana.

Leo kiwanda cha Hitachi, Japani, huunganisha hivyo sehemu za alumini za mabehewa ya treni. Mwaka 2003 kiwanda cha Mazda kilitumia njia ya jamii hiyo, nukta kwa nukta, katika milango ya nyuma ya motokaa RX-8.

Hata hivyo njia hii haisamehe uzembe. Mabamba yakiachana kidogo, hakuna kitu cha kuijaza nafasi ile. Bega likizama mno, bamba jembamba hukonda na kudhoofika. Na ncha itolewapo mwishoni huacha tundu, ambalo fundi hulipangia mahali pasipodhuru.

Mashine hiyo ni nzito na ya gharama kubwa; haibebeki hata uani kwa fundi. Kwa hiyo mwanga wa umeme utaendelea kuwaka katika mitaa yetu, nao huchoma macho. Maumivu, kana kwamba mchanga umeingia jichoni, huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku. Wazazi, msiwaache watoto wasimame kuutazama. Nanyi wanafunzi mnaojifunza ufundi, vaeni kinyago chenye kioo cheusi, hata kwa kiungo kimoja kidogo. Bamba lililotoboka hupatikana jingine. Jicho halina badala.